Majina Mengi kwa Amri Moja

Sensa ya 2002 ilihesabu watu 425,476 katika Wilaya ya Karagwe, mkoani Kagera, Tanzania. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 332,020 katika Wilaya ya Karagwe. Mtu aliye mbali, mwenye faili mbili zenye jina lilelile la wilaya, atatoa hesabu yake na kupata upungufu wa watu 93,456, kisha ataanza kutafuta sababu: maradhi, njaa, vijana kukimbilia mijini. Hakuna hata moja iliyoleta upungufu huo, kwa kuwa upungufu wenyewe haukuwepo. Katikati ya sensa hizo mbili wilaya iligawanywa. Kyerwa ilizaliwa 2012, katika mgawanyo uleule ulioleta mikoa minne mipya ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu pamoja na wilaya 19, nayo ikahesabiwa watu wake 321,026. Ukijumlisha Karagwe na Kyerwa unapata 653,046, na hapo ndipo ukweli unapojitokeza: eneo lilelile la awali lilikuwa limeongeza watu zaidi ya 227,000 katika miaka kumi. Jina lilibaki, mipaka yake ikahama, na asiyejua hilo anaweza kuandika taarifa nzima juu ya maafa ambayo hayakutokea.

Kata ya Nyakatuntu ni miongoni mwa zile zilizoingia Kyerwa. Milima haikusogea wala migomba haikung'olewa, lakini kila karatasi ya kata hiyo iliyoandikwa kabla ya mgawanyo inasema Karagwe, na kila iliyoandikwa baadaye inasema Kyerwa. Karatasi hizo sasa zinazidi kuwa faili za kompyuta: daftari la mahudhurio lililopigwa picha kwa simu, muhtasari wa mkutano wa kijiji uliopitishwa kwenye skana, orodha ya wakulima wa kahawa wa chama cha msingi. Siku moja karani au mwalimu atataka kuzipanga. Atakuta faili elfu na zaidi, nyingine zikianza na Karagwe, nyingine na Kyerwa, nyingine zikiitwa tu Scan0001, na mtu atamwambia kwamba kazi hiyo haihitaji wiki nzima ya kubofya. Mistari mitatu ya amri inatosha. Kompyuta itapita faili moja baada ya nyingine, itatafuta herufi fulani katika jina, itaweka nyingine mahali pake, na kabla hajainua mikono kwenye kibodi kazi itakuwa imekwisha. Ninaamini kwamba mtu huyo amepewa ushauri mzuri, na kwamba aandike amri hiyo. Ninachodai ni kwamba amri ya namna hiyo ni tendo la utawala, nalo lichukuliwe kwa uzito wa utawala: liandikwe, lihifadhiwe pamoja na majina ya zamani, na lijulikane limefanywa lini na nani.

Sababu ya kwanza imo katika jinsi kompyuta inavyotunza majina. Katika mifumo ya ukoo wa Unix, ulioanzishwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell huko Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960, jina halimo ndani ya faili. Faili inatambulika kwa namba yake ya ndani, na folda ni orodha inayounganisha majina na namba hizo. Kubadili jina ni kufuta mstari mmoja wa orodha na kuandika mwingine. Yaliyomo hayaguswi, na hata tarehe ya mwisho ya kuhaririwa inabaki ilivyokuwa. Wahandisi wanaiona hiyo kuwa sifa, na kweli ni sifa, kwa kuwa faili nzito kama filamu hubadilishwa jina haraka sawa na faili ya mstari mmoja. Lakini kwa mtunza kumbukumbu ina maana nyingine kabisa. Baada ya tendo, faili yenyewe haibebi alama yoyote ya kuonyesha kwamba iliwahi kuitwa vingine. Gunia la kahawa likibadilishwa maandishi, mtu mwangalifu huona wino wa zamani chini ya mpya. Faili haina chini. Jina la zamani limetoweka kabisa, isipokuwa kama kuna aliyelinakili kabla.

Dola haifanyi hivyo inapobadili majina. Mkoa wa Ziwa Magharibi ulipopewa jina la Kagera 1979, mwaka wa vita vilivyomng'oa Idi Amin, na Karagwe ilipogawanywa 2012, mabadiliko yalikuwa na mamlaka inayojulikana, na mwaka wake unaweza kutajwa. Ugawaji wa wilaya hutangazwa katika Gazeti la Serikali, na kwa hiyo mwanahistoria wa miaka mia ijayo atakayekuta barua ya 1975 ya Ziwa Magharibi na nyingine ya 1985 ya Kagera ataweza kujua kwamba zinazungumzia eneo moja. Amri ya kompyuta inabadili majina mengi zaidi kwa mkupuo mmoja kuliko waziri yeyote, na haitangazi chochote. Ikifanikiwa, aghlabu hunyamaza tu. Pengo hilo, kati ya ukubwa wa tendo na ukimya wake, ndilo linalonifanya nisikubali kwamba kupanga majina ya faili ni kazi ndogo ya kumpa mgeni wa ofisi mchana wa Ijumaa.

Tuitazame sasa kazi yenyewe kwa majina ya huko huko, maana hapo ndipo ugumu unapoonekana wazi. Amri hufuata ruwaza ya herufi; haijui ardhi. Tuseme mtu anataka faili za Nyakatuntu zihamie chini ya Kyerwa, naye kwa uvivu kidogo anaiambia kompyuta ichukue kila jina linaloanza na Nyaka. Itachukua Nyakatuntu, na pamoja nayo itachukua Nyakahanga, Nyakakika, Nyakasimbi na Nyakabanga, ambazo zote ni kata zilizobaki Karagwe. Akidhani mkia wa neno ni salama zaidi kuliko kichwa, akatafuta herufi tuntu, ataikamata Kituntu, nayo ni ya Karagwe. Akiamua kubadili neno Karagwe kuwa Kyerwa katika folda nzima, atazihamisha Bugene, Kayanga na Bweranyange kwenda wilaya isiyo yao. Kuna pia tatizo la ndani zaidi: Kyerwa ilikuwa jina la kata kabla ya kuwa jina la wilaya, na bado ni jina la kata. Faili iliyoitwa Karagwe-Kyerwa itakuwa Kyerwa-Kyerwa, ambayo ni sahihi, lakini iliyoitwa Kyerwa peke yake haisemi kama ni ya kata ya watu wachache au ya wilaya nzima. Kinyambo, lugha ya wenyeji wa huko, kina mpango wake wa kutoa majina ya mahali, wenye viambishi vinavyorudi tena na tena, na mpango huo unamsaidia msemaji wakati uleule unapoipoteza mashine.

Kubadili jina bila kuuliza jina hilo ni la nani kunaharibu hata pale ambapo ruwaza imeandikwa vizuri. Karagwe si wilaya tu. Ni ufalme, ambao Rumanika aliutawala na ambako wapelelezi Waingereza Speke na Grant walifika mwishoni mwa 1861. Speke aliuandika Karague. Mpelelezi mwenzao Burton, ambaye hakufika bali alisikia habari zake kwa wafanyabiashara wa Kiarabu huko Kazeh (Tabora ya leo), aliuandika Karagwah. Ni jina la Dayosisi ya Karagwe ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, ambayo tangu 1979 imekuwa ikiitwa hivyo. Ni jina la chama kikuu cha ushirika wa kahawa, KDCU (Karagwe District Cooperative Union), ambacho kinahudumia wakulima wa Karagwe na Kyerwa pia, na hakikuona haja ya kujiita upya kwa sababu mpaka wa wilaya umepita katikati ya wanachama wake. Faili ya chama cha msingi huko Kyerwa ikiwa na neno Karagwe ndani ya jina la chama kikuu, neno hilo liko mahali pake. Kitaifa mfano huu ni mpana zaidi. Tanganyika na Zanzibar ziliungana Aprili 1964, na jina la Tanzania likaanza kutumika baadaye mwaka huohuo, lakini TANU iliendelea kuwa chama cha Tanganyika kwa jina mpaka 1977, na ziwa ni Tanganyika hadi leo. Atakayeiamuru kompyuta igeuze kila Tanganyika kuwa Tanzania atakuwa ameandika historia ya uongo kwa sekunde moja.

Hapo msomaji makini atasema kwamba nimejibu swali langu mwenyewe: ikiwa mashine haijui ardhi, basi tumwachie mtu aijuaye ardhi afanye kwa mkono, faili moja moja. Mwenyeji wa Kyerwa hawezi kuichanganya Nyakatuntu na Nyakahanga. Pingamizi hili lina nguvu, na ningekuwa nazungumzia faili ishirini ningelikubali papo hapo. Lakini faili zikiwa elfu moja, mkono huchoka, na makosa ya mkono uliochoka yana ubaya wake wa pekee: hayafuati kanuni. Mtu ataandika Nyakatuntu mara mia sita, Nyakatundu mara tatu, Nyakatutu mara moja, na hakuna atakayejua ni wapi. Kosa la amri ni kubwa na linaonekana. Likiingia, limeingia kila mahali kwa namna moja, na kwa kuwa kanuni yake imeandikwa, mtu mwingine anaweza kuisoma, kuona kwamba imekamata Kituntu, na kuirekebisha. Ujuzi wa mwenyeji hautupwi. Unawekwa mahali panapoufaa, yaani katika kuandika orodha ya kata zote ishirini na kitu za Kyerwa kwa majina kamili, herufi kwa herufi, badala ya kutegemea ruwaza ya mkato. Kisha amri inaifuata orodha hiyo. Mwenyeji ametoa hukumu, mashine imetekeleza, na hukumu imebaki kwenye maandishi ambapo inaweza kupingwa. Hili, kwangu, ndilo fungu bora la amri, na linapita kasi yake kwa mbali. Kasi inaokoa mchana mmoja. Maandishi yanaokoa uwezo wa kuuliza kwa nini.

Wapo wanaokwenda upande wa pili na kusema tusibadili kitu. Kompyuta za leo zinatafuta ndani ya maandishi, wanasema, na jina la faili halina kazi tena. Acha Scan0001 iitwe Scan0001. Hoja hii ingesimama kama nyaraka zote zingekuwa maandishi yanayotafutika. Picha ya daftari lililoandikwa kwa kalamu haitafutiki kirahisi, na nyaraka nyingi za vijijini ni za namna hiyo hasa. Majina yanayotolewa na vifaa nayo hayalindi kitu. Picha inayopokewa kwa WhatsApp kwenye simu za Android hupewa tarehe na namba, kama IMG-20210514-WA0003, na namba hiyo huanza upya kila siku. Simu mbili zinaweza kuwa na picha mbili tofauti zenye jina hilo hilo. Zikikusanywa kwenye folda moja, moja itaifuta nyingine, au itaongezewa alama isiyo na maana. Namba nazo zina hila zake: kompyuta ikipanga majina herufi kwa herufi huweka 10 kabla ya 2, hivyo muhtasari wa mkutano wa kumi hutangulia wa pili, mpaka mtu aandike 02. Tarehe tuliyozoea, siku kwanza na mwaka mwisho, haipangiki kwa mfuatano, na tukitumia mkwaju kuitenganisha mfumo utaukataa, kwa kuwa mifumo ya ukoo wa Unix kama Linux huuchukua mkwaju kuwa mpaka wa folda. Hata zamani zetu za karibu zimeacha mikato: mifumo ya DOS iliruhusu herufi nane tu kabla ya nukta, na Nyakatuntu, yenye herufi kumi, haikuweza kuandikwa nzima hadi Windows 95 ilipoondoa kizuizi hicho. Jina lililoachwa lilivyo mara nyingi ni uamuzi wa mashine ambao hakuna mtu aliyeupitia.

Zaidi ya hapo, jina zuri la faili hubeba njia nzima. Ng'ambo ya mto Kagera, ukivuka kutoka kata ya Murongo ya Kyerwa, kuna wilaya ya Uganda iitwayo Isingiro. Ndani ya Kyerwa kuna kata iitwayo Isingiro. Kibondo ni kata ya Karagwe na ni wilaya ya Kigoma. Faili ya kahawa au ya chanjo yenye neno Isingiro tu inaweza kuwa ya nchi mbili. Mtu aliye mezani Nkwenda, kata ya Kyerwa, anajua ni ipi. Faili hiyo ikitumwa Bukoba, kisha Dodoma, kisha kwa mtafiti wa chuo kikuu, ujuzi wa aliye mezani haufuatani nayo. Jina ndilo linalosafiri.

Wanasayansi wa vinasaba walijifunza jambo hili kwa gharama. Jeni moja ya binadamu iliitwa MARCH1, na programu ya Excel, iliyopewa orodha ya jeni, iliigeuza kuwa tarehe ya mwezi Machi bila kuuliza. Makosa hayo yalizagaa katika majedwali ya tafiti zilizochapishwa, na 2020 ikatangazwa kwamba kamati inayosimamia majina ya jeni imebadili majina 27 ya aina hiyo. MARCH1 ikawa MARCHF1. Kinachonivutia hapo ni namna walivyofanya zaidi ya uamuzi wenyewe. Jina la awali halikufutwa. Linabaki katika kumbukumbu ya kila jeni kama jina lililotangulia, ili anayesoma makala ya 2009 aweze kuifikia jeni ileile. Walibadili kwa mkupuo, wakatangaza, wakahifadhi ya zamani. Karani wa kata hana kamati ya kimataifa nyuma yake, lakini tendo lake ni la jinsi ileile, na wanaolitegemea ni watu wenye haki zao: mzazi anayetafuta rekodi ya mtoto aliyesoma wakati shule ikiwa chini ya Karagwe, mkulima anayedai shamba kwa muhtasari wa baraza la miaka ya tisini.

Inabaki hoja ya uwezo, na ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote. Ofisi nyingi zina kompyuta moja, umeme wa kubahatisha, na hakuna mtu aliyefundishwa kuandika amri. Kumwambia mtu wa namna hiyo aandike skripti, ahifadhi kumbukumbu, afanye majaribio, ni kumtwisha mzigo wa mji mkubwa. Nakiri kwamba amri zenyewe zina hatari kwa asiyezizoea. Amri ya mv ya Unix, ikikuta jina jipya tayari linatumika, kwa kawaida hulifunika bila onyo. Ukikosea kanuni ukazipa faili arobaini jina moja, utabaki na faili moja, ile ya mwisho. Ile ya ren ya Windows hukataa jina likijirudia, na programu iitwayo rename, iliyoanzia kwa Larry Wall, hukataa pia na ina uwezo wa kuonyesha yatakayotokea bila kuyatenda. Lakini angalia ni nini hasa ninachokidai. Kitovu chake ni orodha yenye safu mbili, jina la zamani kushoto na jipya kulia, na juu yake tarehe, jina la aliyefanya, na sababu: kata imehamia Kyerwa, 2012. Orodha ya namna hiyo inaweza kutengenezwa kwenye jedwali la kawaida, ikachapwa, ikapelekwa kwa mtendaji wa kijiji au mwalimu mstaafu ambaye hajawahi kugusa dirisha la amri. Yeye atapita kwa kalamu na kusema hii si ya kwetu, hii ni ya Kituntu. Baada ya hapo kijana yeyote anayejua mistari mitatu ataitekeleza, baada ya kunakili folda nzima mahali pengine, na orodha itabaki ndani ya folda hiyo. Mtu akitaka kurudi nyuma, amri ileile ikisoma safu kutoka kulia kwenda kushoto itarudisha kila kitu. Sehemu ngumu ya kazi hii haikuwahi kuwa kompyuta. Ni kujua Nyakatuntu iko wapi na ilikuwa wapi, na ujuzi huo uko tele Kyerwa. Upungufu ni wa mazoea ya kuuandika. Kata zinaendelea kugawanywa, Kitwe na Kitwechenkura sasa ni kata mbili katika orodha moja, na wilaya zenyewe hazijafikia mgawanyo wa mwisho. Kila mara mpaka utakaposogea, kuna folda itakayosubiri kubadilishwa majina, na aliyeikuta orodha ya 2012 ataanza kazi yake akiwa na nusu yake imekwisha fanywa.